Dakika Thelathini na Tatu

To.

Tone la maji lilidondoka ndani ya sufuria, gizani, karibu na miguu ya kitanda. Mwahija alikuwa macho. Akahesabu moja, mbili, tatu, na alipofika kumi na nne likadondoka jingine. To. Akahesabu tena. Akafika arobaini, akafika sabini, sufuria imenyamaza. Mvua imekatika. Akavuta shuka akamfunika vizuri Esha, binti yake wa miaka mitano, aliyelala amejikunja ubavuni kama jongoo aliyeguswa, akajisemea: leo ndege itatua.

Kuhesabu lilikuwa gonjwa lake jipya. Alihesabu hatua za kwenda kisimani, alihesabu pumzi za mtoto akiwa na homa, alihesabu korosho hata zisizokuwa zake. Mumewe, Abdurahmani, alikuwa akimcheka: "Mke wangu, mimi nilikuruhusu uende kisomo ujifunze kusoma barua, hukuniambia utarudi nyumbani na mizani." Lakini Abdurahmani mwenyewe sasa alikuwa Kipatimu wiki ya tatu, alikokwenda na lori la mbegu za vijiji vipya, na mvua ya masika ilikuwa imeziba njia nyuma yake. Hakukuwa na wa kumcheka.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Kilwa Masoko yote ilikuwa ikisoma: wazee wenye miwani ya kuazima, kina mama wenye watoto mgongoni, jioni baada ya jioni katika shule ya msingi, chini ya taa ya karabai. Mwahija aliachishwa shule darasa la tatu, alipovunja ungo, na alipoingia tena darasani akiwa mama wa mtu, alikula masomo kama mtu anayefungua swaumu. Mwalimu wao, Theresia, ndiye aliyemfundisha ile hesabu. Barua ilikuwa imefika kutoka Lindi kwamba mama yake Mwahija, Bi Mboni, yu hoi kitandani. Barabara ilikuwa imekatika Mbwemkuru. Mto umekula daraja na magari yamelala huku na huku yakitazamana. Jioni ile Mwahija hakuondoka wenzake walipoondoka.

"Mwalimu, Lindi ni mbali kiasi gani?"

Mwalimu Theresia alichukua uzi wa kushonea akaufunga kwenye msumari uliokuwa Kilwa Masoko, juu ya ramani ya ukutani, akamwambia aulaze kwanza kwenye barabara, pinda kwa pinda. Sentimita kumi na saba. Kisha akamwambia auvute uwe mnyoofu, kama ndege anavyoruka, mpaka kiwanja cha Kikwetu, kule ndege za Lindi zinakotua. Sentimita kumi na moja. Kila sentimita ni kilomita kumi. Ndege ile ndogo ya barua na chanjo, iliyopita kila Jumanne, hukata kilomita mia mbili kwa saa. Mwahija akagawanya mwenyewe, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo. Dakika thelathini na tatu.

Alirudia mara mbili, hesabu ikagoma kubadilika. Basi Lindi, ile Lindi aliyoihama siku ya kuozwa, mama yake akilia kana kwamba anampeleka ng'ambo ya dunia, ilikuwa karibu kuliko muda wa kuivisha maharage! Siku ya pili alikwenda ofisi ya wilaya, akalia kidogo, akajieleza sana, akaandikiwa kibali cha kupanda ndege ya Jumanne na mtoto wake.

Na Jumanne ndiyo hii. Alikuwa bado anasikiliza ule ukimya wa sufuria pale mlango ulipogongwa.

Alikuwa askari wa zamu, kofia mkononi. Askari akivua kofia mlangoni kwako alfajiri, huna haja ya kumuuliza.

"Dada Mwahija. Tumepata ujumbe kwa redio ya polisi. Unatoka kwa mjomba wako, Bwana Maftaha." Akakohoa. "Mama ametangulia mbele ya haki, usiku saa tisa. Anasema wanakungoja umwoshe wewe, ndivyo marehemu alivyousia."

"Innalillahi," alisema Mwahija, na sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. Askari akaondoka. Yeye akabaki ameshika mwimo wa mlango.

Ni kweli, ndivyo alivyousia. Mwaka juzi, Mwahija alipokwenda kumtazama, mama yake alimshika viganja akavigeuzageuza kama anayechagua embe sokoni. "Mikono hii mepesi," alisema. "Siku yangu ikifika, sitaki kuguswa na mikono mizito ya watu. Uje unioshe wewe." Mwahija alicheka kwa aibu, akasema mama acha hayo, na mama akasema, "Siachi. Niahidi." Akaahidi.

Na kwao, ahadi ya namna hiyo ina nafasi yake. Maiti hawekwi muda mrefu, huzikwa siku ile ile. Lakini akiwapo mwana aliye njiani, jamaa humngoja. Adhuhuri ikipita watangoja, alasiri ikipita watangoja, hata jua likifika saa kumi na moja. Wazee watanung'unika, watoto watasinzia, lakini watangoja. Kinachotakiwa ni kujua tu kwamba mtu yuko njiani.

Mwahija hakulia. Aliona kulia kungemchelewesha. Alitoa sandukuni kile kifurushi alichokiandaa kimyakimya tangu barua ile: kafuri, pamba, kichupa cha marashi ya mawaridi na kipande cha sabuni mpya. Akavifunga katika kanga, akamvisha Esha gauni la Idi. "Bibi amefariki," alimwambia. "Tunakwenda kwake kwa ndege."

Esha alifikiri. "Ndege ya kweli?"

"Ya kweli."

Mtoto akatabasamu, kisha akakumbuka akaacha.

*

Posta ilifunguliwa saa mbili, naye alikuwa mtu wa kwanza mlangoni. Karani wa simu alikuwa Rafaeli, Mmakonde wa Newala, mtu mpole mwenye ulimi usiotulia, aliyekaa dawati la nyuma katika darasa lile lile la jioni akidai anasoma upya kwa ajili ya kuwatazama wanafunzi.

"Pole sana, dada yangu. Askari amenipitia. Pole." Akamsogezea fomu. "Laini ya Lindi leo inakohoa kama mzee wa tumbaku. Tusiipe mzigo. Maneno kumi, yasizidi, nami nitayasukuma moja moja mpaka yafike."

Mwahija alichukua kalamu. Kwanza alipiga hesabu pembeni, kwa penseli, ya kuhakikisha. Ndege hufika Kilwa saa nne. Dakika thelathini na tatu angani. Kutoka Kikwetu mpaka Lindi mjini, gari la ofisi, nusu saa. Ingekuwa saa tano na dakika tatu. Akaongeza karibu saa nzima ya tahadhari, maana yeye hakuwa mjinga, alijua ya dunia. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, kila moja imesimama wima:

NAKUJA KWA NDEGE YA LEO NITAFIKA SAA SITA KAMILI MWAHIJA

Rafaeli alihesabu kwa ncha ya kidole. "Kumi barabara. Mwanafunzi bora." Akajikuna kidevu. "Lakini dada, mimi ningekuwa wewe ningefuta hili KAMILI. Ningetia NISUBIRINI."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hiyo ndege hukuizaa wewe, haikutii. Sisi kule Newala mtu akiahidi kuja, anaonyesha jua kwa mkono hivi, anasema nitakuja jua likiwa hapa. Likisogea kidogo hakuna anayemshtaki."

"Ndiyo maana mnachelewa kila mahali," alisema Mwahija, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mdomo wake ulitaka kucheka. "Rafaeli, ukiwaambia watu nisubirini, watauliza mpaka lini. Mjomba atakaa roho juu. Lakini mtu aliyetaja saa yake hana haja ya kuomba asubiriwe. Nimepiga hesabu. Mwalimu mwenyewe ameitia vema."

"Haya. Mwenye maiti ni wewe." Rafaeli akapiga mhuri.

Mwahija alilitazama neno KAMILI mara ya mwisho. Alilipenda. Lilikuwa neno la watu wenye vitu vyao mkononi. Mjomba Maftaha, aliyesema zamani kwamba mwanamke kusoma ni kumvisha mbuzi viatu, atalisoma mbele ya watu wote waliokaa mkekani, na mama hata akiwa amelala pale atakuwa amesikia.

*

Kiwanja cha ndege kilikuwa nje kidogo ya mji: majani yaliyofyekwa, udongo uliosindiliwa, na kibanda kimoja cha makuti. Mwangalizi wake alikuwa Mzee Likwata, Mmwera, ambaye kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi na kuwasha moto wa makuti mabichi ndege ikisikika, ili rubani auone moshi ajue upepo unatoka wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Marahaba, mjukuu. Umependeza, unakwenda kuolewa?"

"Ninakwenda kwa Bibi," alisema Esha. "Amefariki."

Mzee Likwata akamtazama Mwahija, akaona kifurushi, akaelewa. Akainuka akampisha kigoda chake, akasema pole kwa Kimwera, ambayo Mwahija aliifahamu kwa sauti kuliko maneno.

Saa nne ilifika. Mwahija alikuwa na saa ya mumewe mkononi, kubwa, inayocheza kwenye kifundo. Saa nne na nusu. Mbingu ilikuwa nyeupe juu yao na nyeusi kaskazini, upande wa Mafia.

"Huchelewa?" aliuliza.

"Ile? Ile ni mtani wangu, hainiheshimu hata kidogo. Mara nyingine huja saa nne. Mara nyingine huja saa saba. Siku moja ilikuja Jumatano." Mzee alicheka, kisha akaona si wakati wake. "Itakuja, binti. Kukiwa na mvua Mafia hukaa kule ikingoja wingu lipite."

"Lakini ikishaondoka hapa, mpaka Lindi ni dakika thelathini na tatu?"

"Mimi sijui dakika. Najua ikishaondoka hapa, kabla moshi wangu haujaisha imeshafika."

Hilo lilimtuliza kwa muda. Hesabu yake ilikuwa sawa, hata moshi uliishuhudia. Lakini saa tano ilipopita ndipo alipoona kitu alichokuwa anakizunguka tangu posta. Uzi wa Mwalimu Theresia ulipima kutoka kiwanja mpaka kiwanja. Haukupima kutoka mlangoni mwake mpaka mkekani kwa mama. Haukupima Mafia. Na kule Lindi kulikuwa na mzee mmoja mwenye karatasi mkononi iliyosema saa sita kamili.

"Mzee, nishikie mtoto. Nakwenda posta."

"Na ndege ikija?"

"Usiiache iondoke."

"Binti, mimi ni wa mbuzi tu. Rubani hanisikilizi."

Alikwenda hata hivyo, nusu anatembea nusu anakimbia, viatu mkononi, matope yakimvuta, kila hatua kumi akigeuka kutazama angani. Rafaeli alimwona akiingia, akawa ameshika simu kabla hajaulizwa. Alizungusha kishikio. Akasikiliza. Akazungusha tena kwa nguvu, jasho likamtoka.

"Imekufa," alisema. "Tangu saa nne na nusu. Nguzo itakuwa imeanguka huko Mavuji."

"Redio ya polisi?"

"Betri ilileta habari yako alfajiri, ikafa. Wanaichaji." Akamtazama usoni. "Nikiwapata tu, dada, nitawaambia neno moja tu. Unalijua."

"Waambie."

Saa ya ukutani pale posta ilikuwa inapiga saa sita. Mwahija hakungoja imalize.

*

Saa saba Esha alikula kipande cha muhogo alichopewa na Mzee Likwata, akalala kwenye kivuli cha kibanda. Mwahija aliketi. Akili yake ilikuwa Lindi. Alimwona Mjomba Maftaha akiinuka mkekani kila mara kwenda barabarani, akirudi. Alimsikia shangazi mmoja akisema, huyo msomi wenu si amesema saa sita? Alimwona mjomba akiitoa ile karatasi mfukoni, akiisoma tena kwa taabu, maana naye sasa alikuwa akienda kisomo, darasa la wazee. Asingetajiwa saa, angesema tungoje. Alitajiwa.

Hakuomba ndege ije. Aliomba mjomba awe mtu yule yule wa zamani, asiyeamini kusoma.

Saa nane u nusu baiskeli ilitokea kwenye majani, inayumba. Rafaeli alishuka kabla haijasimama. Hakuwa na mzaha wowote usoni. Alikuwa na karatasi, akampa kwa mikono miwili, kama anayempa mtu sahani ya moto.

"Laini imefufuka sasa hivi. Ilikuwa ya kwanza kuingia."

Mwahija alisoma mwenyewe. Hakutaka kusomewa, alikuwa amejifunza kwa ajili ya siku kama hiyo.

SAA SITA ULIYOTAJA IMEPITA TUKAJUA UMEKOSA NDEGE TUMEMZIKA SAA NANE SUBIRA MAFTAHA

Alisoma mara ya pili, akitafuta kosa. Hapakuwa na kosa. Hata hakulaumiwa. Mjomba alikuwa ameamini hesabu yake, mara ya kwanza katika maisha yake kuamini kitu alichoandika mwanamke.

"Nani amemwosha?" aliuliza.

"Haikusema," alijibu Rafaeli. Alisimama hapo akiizungusha pedali kwa mguu. Neno lake lile la asubuhi lilikuwa limesimama kati yao, na Mwahija alimshukuru kimoyomoyo kwa kutolitamka. Mwishowe akasema, "Nitakuja na mke wangu jioni, tukae nawe," akapanda baiskeli akaenda zake.

Mzee Likwata alikuwa amegeukia mbuzi wake, mgongo kwao.

Esha aliamka, miguu yote matope, muhogo mashavuni. Mwahija alimkalisha kigodani. Akafungua kifurushi akatoa sabuni mpya, akachukua kibuyu cha maji cha mzee. Alianza na mkono wa kulia. Akaumwagia maji polepole, akapitisha sabuni katikati ya vidole, akasuuza. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Kisha wa kushoto, vile vile, kwa wepesi ule aliosifiwa, asikwaruze, asivute, kama mtu anayeogopa kuamsha. Akahamia mguu wa kulia. Mtoto alikuwa ametulia kabisa, macho ameyafumba kwa raha ya maji.

Mwahija akamtazama usoni, akaona alichokuwa anakifanya. Sabuni ikamponyoka.

"Fumbua macho," alisema kwa ukali. "Esha! Fumbua macho!"

Esha akafumbua, ameshtuka. Mama yake akamkumbatia, maji na povu na gauni la Idi, na hapo ndipo alipolia, kilio kile cha alfajiri, sasa kikiwa hakina cha kuchelewesha. Alilia akinusa utosi wa mtoto. Alilia mpaka hakusikia Mzee Likwata akikimbia na kijinga cha moto, wala mbuzi wakitawanyika, wala mngurumo uliokuwa unakuja kutoka kaskazini, mdogo kama mbu, kisha mkubwa. Saa ile kubwa ya mumewe, iliyolowa mkononi, ilikuwa inaonyesha saa tisa kamili. Dakika thelathini na tatu, na nusu saa ya gari. Akili yake ilijumlisha yenyewe, hakuituma: saa kumi na dakika tatu. Jua lingekuwa bado juu. Wangekuwa bado mkekani, wananung'unika, watoto wanasinzia, wanangoja.

Moshi wa makuti mabichi ulipanda ukalala upande wa kusini. Esha alijinasua mikononi mwa mama yake, akasimama juu ya kigoda na miguu yake, mmoja msafi na mmoja wa matope, akanyoosha kidole juu.

"Mama, ndege imekuja."